Tafakari ya Juma: Sauti ya Nne



Wapendwa wasomaji wetu, Alhamisi iliyopita, jua la Same likiwa limeanza kupunguza makali yake na upepo ukivuma kutoka upande wa nyika kama ilivyo desturi yake, tuliingia kanisani kuchukua breviari tuliyoisahau sakristia. Kwaya ilikuwa mazoezini. Mwalimu wa kwaya alikuwa akigawa nakala za wimbo mpya, ulioandikwa kwa solfa kwa mkono wake mwenyewe, na juu ya ukurasa alikuwa ameandika kwa herufi kubwa jina la Verdi. Kumbe ameutungia maneno ya Kiswahili ule wimbo mashuhuri wa watumwa Waebrania ulio katika opera ya Nabucco, naye anakusudia uimbwe alasiri, baada ya Misa, katika tamasha la kwaya siku ya Mtakatifu Sesilia, somo wa wanamuziki.

Tulipotoka nje, Mwenyekiti wa Halmashauri ya Walei alitufuata hadi chini ya mwarobaini. Alisalimu, akasita, kisha akasema: “Baba Paroko, samahani. Nimesikia kwamba huo wimbo wa Wazungu ni wa siasa. Kwa hali ilivyo, tutaeleweka?” Tulimwomba atuachie juma moja la kutafakari. Haya mnayoyasoma ni matunda ya juma hilo, na kwa kuwa jambo lenyewe linatugusa sisi kuliko Mwenyekiti alivyodhani, tumeona tuliandike bila kuficha kitu.

Kwanza tuseme kwamba hofu yake si ya kudharauliwa. Baada ya yale yaliyotokea nchini mwetu siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba 2025, na siku zilizofuata, watu walipouawa na mawasiliano ya intaneti yakazimwa, watu wengi wenye busara wamejifunza kupima kila neno kabla ya kulitamka. Mwenyekiti ni baba wa familia. Anauliza kama baba wa familia.

Ni kweli, wimbo ule una historia. Tuliusikia mara ya kwanza tukiwa frateri, katika darasa la muziki, kwa kaseti iliyokwisha kuchakaa kiasi kwamba orkestra ilisikika kama mvua juu ya bati. Padre mwalimu wetu alitueleza kwamba Nabucco ilichezwa kwa mara ya kwanza katika jumba la La Scala, mjini Milano, tarehe 9 Machi 1842, wakati mji ule ukiwa chini ya utawala wa Waaustria. Na kwamba watu, waliposikia Waebrania walioko uhamishoni Babeli wakiililia nchi yao, walijitambua wenyewe, wakapiga kelele wimbo urudiwe ingawa sheria ilikataza. Tulikipenda sana kisa kile. Miaka mingi baadaye tulisoma kwamba watafiti waliochunguza magazeti ya siku zile wamegundua kuwa wimbo uliorudiwa usiku ule ulikuwa mwingine, na kwamba sifa ya kuwa sauti ya taifa wimbo huu uliipata polepole, Italia ilipokwisha kuungana. Tulisikitika kidogo, kama mtu anavyosikitika anapoambiwa kwamba babu yake hakuua simba. Hata hivyo, lililothibitika linatosha: mwaka 1901, Verdi alipohamishiwa kaburi lake la kudumu, kwaya ya watu zaidi ya mia nane iliuimba chini ya uongozi wa Toscanini, na Machi 2011, huko Roma, kiongozi wa orkestra Riccardo Muti aliugeukia umma katikati ya onyesho, akalalamikia kukatwa kwa fedha za utamaduni, kisha akawaalika watu wote wauimbe tena pamoja na kwaya. Walisimama wakaimba.

Chimbuko la maneno ya wimbo huo ni Zaburi ya 137. Kila padre anaisali zaburi hiyo katika breviari, na yamkini wengi wetu huipita haraka. Inasimulia watu walioombwa na waliowateka wawaimbie nyimbo za kwao, nao wakatundika vinubi vyao mitini. Yaani zaburi iliyozaa wimbo maarufu kuliko nyimbo zote za ukombozi inahusu watu waliokataa kuimba. Mtuvumilie, tutarudi hapo.

Lakini kwa nini twende Milano? Wimbo wa kwaya uliokuwa na nguvu kubwa ya kisiasa kuliko wote katika bara letu, kila mtoto wa shule wa Same anaufahamu, naye huuimba mbele ya bendera, soksi zikiwa zimeshuka. Mwaka 1897, Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni ya Wamethodisti karibu na Johannesburg na kiongozi wa kwaya ya shule hiyo, alitunga wimbo wa kuliombea baraka bara la Afrika, akauita kwa Kixhosa Nkosi Sikelel' iAfrika. Hakuwa mwanasiasa. Alikuwa mwalimu wa kwaya kama huyu wetu, aliyewatungia wanafunzi wake nyimbo na kuziandika kwa solfa katika daftari. Alifariki mwaka 1905, akiwa bado kijana, na kwa miaka mingi kaburi lake halikujulikana lilipo. Tarehe 8 Januari 1912, mjini Bloemfontein, wimbo wake uliimbwa katika mkutano ulioanzisha chama ambacho baadaye kilijulikana kama ANC, na mwaka 1925 chama hicho kikaufanya wimbo wake rasmi.

Ruhusa tuseme neno moja juu ya solfa, kwani vijana wetu wa siku hizi wanaidharau. Wamisionari walituletea solfa kwa sababu ni rahisi. Haihitaji mistari mitano ya nota wala kinanda. Herufi chache, nukta na vistari vinatosha, na mtu mwenye penseli na karatasi ya daftari anaweza kuunakili wimbo wa sauti nne kwa jioni moja, akauchukua mfukoni hadi mji mwingine. Waliitoa ili watu waimbe kwa utaratibu na kwa utii. Hawakufikiri, tunadhani, kwamba wimbo unaoweza kunakiliwa kwa penseli ni wimbo ambao hakuna mtawala awezaye kuuzuia mpakani. Hivyo ndivyo sala ya Sontonga ilivyosafiri kuelekea kaskazini, hadi ikatufikia. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, sauti zile zile, kwa maneno ya Kiswahili, zilikuwa wimbo wa taifa.

Jambo hili lilitugusa kwa namna ya pekee tulipokwenda Morogoro kwa semina ya mapadre na kupata nafasi ya kufika Mazimbu. Hapo ndipo wahamishwa wa Afrika Kusini walipojenga shule yao, katika ardhi waliyopewa na serikali yetu, wakaiita kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na serikali ya makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Mwaka 1992 waliikabidhi Tanzania, nayo leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Yako makaburi pale, ya watu waliofia mbali na kwao. Tukiwa tumesimama kati ya makaburi hayo, tuliwaza: mahali hapa pamoja, kwa miaka zaidi ya kumi, watu wa aina mbili waliimba wimbo mmoja. Mtanzania alipouimba alisimama wima, mikono ubavuni, kwa kuwa ni wimbo wa serikali yake. Mhamishwa alipouimba alikunja ngumi na kuiinua, kwa kuwa nyumbani kwake kuuimba hadharani kulihesabiwa uasi. Nota ni zile zile, na besi inashuka mahali pale pale. Rais wao, Oliver Tambo, aliyewahi kukubaliwa kuanza masomo ya upadre wa Kianglikana kabla siasa haijamchukua, alikuwa mpenzi mkubwa wa kwaya na mwenyewe aliziongoza kwaya za wahamishwa. Mtu aliyeongoza jeshi la ukombozi akipima kama alto wamepanda sawasawa! Tunakiri kwamba tangu siku ile hatuwezi kumsikia mtoto akiuimba wimbo wa taifa kwa kuburuza bila kuingiwa na aibu kidogo.

Jirani zetu wa Kenya walikwenda mbali zaidi. Kabla ya hali ya hatari kutangazwa mwezi Oktoba 1952, Wakikuyu walikuwa wakitungia maneno ya kudai ardhi na uhuru kwa tuni za nyimbo za Kanisa, zile zile walizofundishwa shuleni na wamisionari. Leakey, mtoto wa wamisionari aliyekulia miongoni mwao na kukijua Kikuyu, aliandika mwaka 1954 jinsi Wazungu waliopita karibu walivyosikia tuni wanazozifahamu, wakadhani ni ibada, wakaenda zao. Sisi kama mapadre hatuwezi kulisoma hilo kwa moyo mwepesi, kwani baadhi ya nyimbo zile zilitumika pia kuwafunga watu kwa viapo walivyoshurutishwa, na Wakristo waliokataa waliuawa. Wimbo wa kwaya ukiwa silaha, unakata pande zote mbili. Lakini ni nani aliyeanza kuwaambia Wakikuyu kwamba tuni ya Kanisa inamwelekeza mtu kwa Mungu aliye juu ya kila mwenye mamlaka? Ni wamisionari wenyewe. Walichokisahau ni kwamba wanafunzi wao waliwasikia.

Katika yote tuliyosoma juu ya jambo hili, kisa kinachotunyima usingizi ni cha Terezín, mji mdogo ulio katika nchi ya Ucheki ya leo, ambao Wanazi waliugeuza kambi ya kuwakusanya Wayahudi kabla ya kuwasafirisha kwenda kuuawa. Miongoni mwa wafungwa alikuwamo kijana kiongozi wa muziki, Rafael Schächter. Alikuwa na kitabu kimoja tu cha nota za Misa ya Wafu ya Verdi, ile aliyoitunga kwa kumkumbuka mwandishi Manzoni na kuimbwa mara ya kwanza katika kanisa la San Marco, Milano, mwaka 1874. Kwa kitabu hicho kimoja na piano, Schächter alifundisha watu wapatao mia moja na hamsini, usiku, baada ya kazi za suluba, kwa njaa, kwa kukariri, na kwa Kilatini. Wazee wao wenyewe walimlaumu: Wayahudi waimbe Misa ya Wakatoliki? Naye aliendelea. Waliiimba mara ya kwanza mwaka 1943. Kisha treni zikaja, zikachukua sehemu kubwa ya kwaya. Akaanza upya na watu wengine. Wakachukuliwa tena. Akaanza tena.

Wapendwa, anayefahamu Misa ya Wafu ya Verdi anafahamu kilichokuwamo ndani ya Kilatini kile. Ndani yake mna utenzi wa Siku ya Ghadhabu, ambao baada ya marekebisho ya liturjia yaliyofuata Mtaguso haumo tena katika Misa ya kawaida ya wafu. (Tunaelewa sababu za kuutoa, na siku nyingine tunazikubali.) Ngoma kubwa inapigwa kama mlango unaovunjwa, na kwaya inatangaza kwamba Hakimu atakuja, yaliyofichwa yatafunuliwa, wala hakuna ovu litakaloachwa bila kulipizwa. Tarehe 23 Juni 1944, wajumbe wa Shirika la Msalaba Mwekundu walipoletwa kuonyeshwa kambi iliyopakwa rangi ili ionekane njema, kwaya ya Schächter, sasa watu wapatao sitini tu, iliimba maneno hayo mbele yao na mbele ya maofisa wa Kinazi. Ilikuwa mara ya kumi na sita na ya mwisho. Wageni waliondoka na kuandika taarifa nzuri. Mwezi Oktoba mwaka huo Schächter alipelekwa Auschwitz, na hakuiona siku ya ukombozi.

Je, kuimba kule kulizuia treni hata moja? La. Wale waliokusudiwa kusikia walisikia tu kwaya nzuri. Tunalisema wazi kwa sababu yako maandishi mengi yanayozungumza juu ya muziki kana kwamba ukuta huanguka mara tu besi wanaposhusha pumzi. Yeriko ilianguka mara moja.

Sasa tufike kwetu, na hapa ndipo inapotuwia vigumu.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa paroko wa parokia nyingine, huko juu milimani, Upareni. Kanisa lilikuwa linavuja. Mahindi ya mavuno ya mwaka ule hayakutosha, na tangawizi ilikuwa imeshuka bei. Waamini hawakuwa na kitu. Tukaandaa harambee, tukamwalika mgeni rasmi, mtu mwenye cheo ambaye hatutamtaja. Mgeni huyo huyo alikuwa amewaahidi wakulima wa kigango kimoja saruji ya kukarabati ndiva yao. Wasomaji wetu wasio Wapare waelewe kwamba ndiva ni lile bwawa ambalo wazee wetu walilijenga mlimani kukusanya maji usiku, yapate kufunguliwa asubuhi kuingia katika mifereji ya mashamba kwa zamu. Ndiva ikipasuka, zamu inakufa. Zamu ikifa, majirani wanagombana. Wakulima walichanga fedha zao kama walivyoagizwa. Saruji haikufika, na fedha zile hazikusomwa katika mkutano wowote.

Sisi tuliyajua hayo yote. Hata hivyo tulimwita mwalimu wa kwaya, tukamwagiza atayarishe wimbo wa kumpokea mgeni, na kwa kuwa muda ulikuwa mfupi tukamshauri achukue wimbo wa shukrani ambao kwaya inaufahamu, na mahali palipokuwa na jina la Bwana aweke jina la mgeni rasmi. Mwalimu alikaa kimya kwa kitambo. Kisha akasema, “Baba, kwa silabi linaingia.” Hakusema zaidi. Tukamjibu, nasi tunaona haya kuliandika jibu hilo, “Mwalimu, mabati hayanunuliwi kwa nota.”

Siku ikafika. Mgeni akashuka garini, vigelegele vikapigwa, kwaya ikasimama katika sare zake. Soprano wakaanza, alto wakaingia, tenor wakaingia. Besi walisimama wima, karatasi mikononi, macho yakimtazama mwalimu kwa adabu yote, na vinywa vimefungwa. Walikuwa wanaume saba, na watano kati yao walikuwa wakulima wa kigango kile chenye ndiva. Hawakutoka nje, hawakukunja uso, hawakubeba bango. Wimbo mzima uliimbwa bila sauti ya nne. Mtu asiyezoea muziki wa kwaya asingegundua. Mgeni rasmi alipiga makofi na kutikisa kichwa kwa furaha. Lakini sisi tuliosoma muziki seminarini tulisikia. Besi ndio wanaokuambia uko wapi. Wakikosekana, sauti tatu za juu zinaelea kama nyumba iliyobaki hewani baada ya udongo kuporomoka chini yake, na kila mwisho wa mstari unakuwa swali. Dakika nne zile zilikuwa ndefu kuliko Ijumaa Kuu.

Jioni, mkubwa wa besi, mzee aliyekwisha kupita miaka themanini na bado akishika sauti yake barabara, alikuja nyumba ya mapadre na mkungu wa ndizi. Alisalimu kama kawaida. Tulimkaribisha chai. Tukamwuliza, kwa ukali kidogo, kama besi wamegoma. “Hatukugoma, Baba,” akasema. “Sauti ya nne imekauka. Kama ndiva.” Akanywa chai yake. Kisha akatusimulia juu ya baba yake.

Baba yake alikuwa mmoja wa wale walioshuka Same wakati wa mbiru. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria mwana wa Upare, alikiandika kisa hicho katika kitabu kidogo kilichotoka mwaka 1971, na kila Mpare angepaswa kukisoma. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni, kwa mikono ya watemi, ilileta kodi mpya juu ya kodi ya kichwa, ikaipa jina la mbiru, jina lililochukuliwa katika desturi ya zamani ya Upare. Kila mtu alikadiriwa mali yake na kutozwa kadiri ya makisio hayo. Watu hawakukataa kulipa kodi. Walikataa namna ya kukadiriwa, kuingiliwa nyumbani na kuhesabiwa ng'ombe na migomba na watu wasiowaamini, tena kwa jina la mila yao wenyewe. Januari 1945 maelfu ya wanaume walishuka kutoka milimani hadi hapa Same, kwenye makao ya wilaya, wakakaa. Hawakuchoma kitu. Walikaa chini, wakisubiri kusikilizwa. Baadaye wanawake nao waliandamana. Hadi kufika mwaka 1947 kodi ile ilikuwa imeondolewa.

Mzee alisema yeye alikuwa mtoto mdogo; anachokumbuka ni mama yake akitwisha chakula na kushuka nacho mlimani, na nyumba kuwa kimya bila sauti ya baba. “Walikaa tu, Baba,” akasema. “Mzungu alijua kupigana na mtu anayepiga kelele. Mtu aliyekaa hakumjua.”

Tulibaki barazani usiku ule hadi baridi ikatuondoa. Miaka yote hiyo tulikuwa tukisali Zaburi ya 137, tukaitolea na mahubiri, tukifurahia jinsi vinubi vinavyotundikwa mitini. Na siku vinubi vilipotundikwa mbele ya macho yetu, sisi ndio tulikuwa watu wa Babeli wanaodai wimbo. Tuliwaomba besi radhi Alhamisi iliyofuata, katika mazoezi. Hatukuwa na ujasiri wa kulisema altareni, na hilo nalo ni sehemu ya kosa. Fedha za harambee tulikuwa tumekwisha kuzipokea. Kanisa lile halivuji tena. Ndiva, hadi tunahamishwa, ilikuwa bado imepasuka, ingawa wakulima walikuwa wameanza kuiziba wenyewe kwa mawe na udongo, kama walivyofanya babu zao.

Basi, tumemjibu Mwenyekiti. Tumemwambia kwamba wimbo huu wa Verdi ni wa siasa, hilo hatulifichi, kama ilivyo sala ya Sontonga anayoiimba yeye mwenyewe kwenye mikutano ya kijiji, na kama ilivyokuwa siasa ya aina yake, tena chafu, wimbo ule tulioagiza sisi milimani. Wimbo wa mwalimu hautaji jina la mtu yeyote anayeishi. Unamlilia Mungu kwa niaba ya watu walio mbali na kwao, na wapo wengi hapa Same wa namna hiyo, wakiwamo wanaowalilia watoto wao tangu Oktoba ile. Wakiusikia, watajua wenyewe unawahusu kwa kiasi gani. Kama yuko atakayekuja kutuuliza maana yake, aje kwetu, asiende kwa mwalimu wala kwa Mwenyekiti. Wimbo umeruhusiwa na paroko.

Mwenyekiti alinyamaza, kisha akauliza, kwa kuwa yeye ni mtu wa mipango, “Na mgeni rasmi wa tamasha atakuwa nani, Baba?” Tukamwambia mwaka huu hakuna. Viti vya mbele watakaa wazee, na kwa ruhusa ya paroko wa huko tumetuma salamu kwa besi wale saba, ambao sasa wamebaki watano, kwamba nauli yao tutaigharimia sisi.

Limebaki tatizo la kinanda. Verdi aliuandika wimbo wake kwenye ufunguo wenye alama sita za kupandisha, na mpiga kinanda wetu anadai ni uonevu. Anataka ushushwe nusu hatua. Mwalimu anakataa, akisema vibonye vyeusi vya kinanda chetu ndivyo pekee vilivyo vizima. Wimbo wenyewe, kwa sehemu kubwa, unaimbwa na kwaya nzima kwa sauti moja, na sauti nne zinaachana mahali pachache tu, lakini mahali hapo besi wetu bado ni wachache na wanazidiwa. Mazoezi ni Jumanne na Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Mwenye sauti ya nne, hata kama hasomi solfa, anakaribishwa.